Uvuguvugu si Usalama: Kanuni za Kusanifu Begi la Mgongoni Lenye Chumba cha Kuhifadhi Halijoto ya Chakula

Ikisiri

Makala haya yanafafanua kanuni za kusanifu begi la mgongoni la mwanafunzi lenye chumba cha chakula kilichozungushiwa kihami joto. Hoja kuu ni kwamba chumba hicho hakizalishi joto wala baridi, bali huchelewesha tu mabadiliko ya halijoto. Kwa sababu hiyo, chumba ambacho ucheleweshaji wake ni mfupi kuliko muda uliopo kati ya jikoni na mlo kinaweza kurefusha kipindi ambacho chakula hukaa katika uvuguvugu unaostawisha bakteria. Kwa kutumia mfano wa mwanafunzi wa shule ya msingi jijini Dar es Salaam anayebeba chakula kwa saa 7, makala yanakokotoa uwezo wa unene mbalimbali wa kihami, kisha yanalinganisha njia tatu za kubeba chakula: ya moto, ya baridi na ya kavu. Inahitimishwa kwamba kihami laini peke yake hakiwezi kulinda chakula cha moto kwa muda huo, lakini kinaweza kulinda chakula baridi kikisaidiwa na barafu kiasi kidogo.

1.0 Utangulizi

Kwa mtoto wa mjini anayesoma mbali na nyumbani, chakula cha mchana huanza safari alfajiri. Mzazi hupakua wali na maharage saa 12 asubuhi, hufunga chombo na kukitia begini. Mtoto hukifungua saa 7 mchana. Kati ya kufunga na kufungua zimepita saa 7 ambazo chakula hicho hakikuwa jikoni wala mezani. Kilikuwa ndani ya gari la shule, kisha chini ya dawati, kisha katika darasa ambalo bati lake limepigwa na jua tangu asubuhi. Saa hizo ndizo zinazostahili kuwa kiini cha usanifu wa begi, na ndizo zinazosahaulika mara nyingi.

Mabegi yenye chumba kilichotandikwa kitambaa king'aacho kama fedha yanapatikana madukani. Mnunuzi hana njia ya kuyapima: hufungua zipu, huuona mng'ao, hubonyeza sponji kwa kidole, kisha huamini. Msanifu naye huelekea kuipima kazi yake kwa swali moja: je, chakula kilikuwa bado na joto mtoto alipokifungua? Makala haya yanadai kwamba swali hilo halitoshi, na kwamba jibu la "ndiyo" linaweza kuwa dalili ya hatari badala ya mafanikio.

Istilahi chache zinahitaji kuwekwa wazi. *Begi la mgongoni* ni kile ambacho pia huitwa shanta. *Chumba cha chakula* ni sehemu ya begi iliyotengwa kwa ajili ya chombo cha chakula na kuzungushiwa kihami. *Kihami joto* ni mata inayopitisha joto polepole. *Halijoto* ni kiwango cha umoto au ubaridi, nayo inatajwa hapa kwa nyuzi za Selsiasi (°C), ilhali *joto* ni nishati inayohama kutoka kitu chenye halijoto kubwa kwenda chenye halijoto ndogo. Tofauti hii ya mwisho si ya maneno tu. Chumba cha chakula huzuia joto kuhama. Hakipangi halijoto iweje.

2.0 Hatari Iliyopo Kati ya Moto na Baridi

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa kanuni tano za usalama wa chakula, linaelekeza kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe katika halijoto ya kawaida kwa zaidi ya saa 2, kwamba kinachohifadhiwa kiwe chini ya 5°C, na kwamba kinachosubiri kuliwa kikiwa cha moto kiwe zaidi ya 60°C. Kati ya 5°C na 60°C bakteria wengi wanaosababisha maradhi huweza kuzaliana. Mchana wa Dar es Salaam katika miezi ya joto hufikia kiasi cha 32°C. Kwa hiyo chakula kilichoachwa kifuate halijoto ya hewa hakitoki kwenye eneo la hatari. Huingia humo na kubaki.

Bakteria wawili wanahusika moja kwa moja na vyakula vinavyobebwa na wanafunzi. Wa kwanza ni *Bacillus cereus*, anayehusishwa hasa na wali. Spora zake hustahimili kuchemshwa. Wali unapoiva spora hazifi. Wali unapopoa taratibu, huchipua na bakteria huzaliana. Aina fulani za bakteria huyo hutoa sumu ya kutapisha ambayo haiharibiwi na upashaji moto wa kawaida. Ndiyo maana kiporo cha wali kilicholala juu ya meza usiku kucha hakisafishiki kwa kupashwa moto asubuhi. Wa pili ni *Clostridium perfringens*, anayehusishwa na nyama, mchuzi mzito na maharage. Naye huacha spora zinazostahimili mpiko, na huzaliana kwa kasi kubwa sana karibu na 43°C hadi 47°C. Katika mazingira yanayomfaa, idadi yake huweza kuongezeka maradufu katika muda usiozidi dakika 10.

Jambo hili la pili lina uzito wa pekee kwa msanifu. Halijoto inayompendeza bakteria huyo ndiyo ambayo mkono wa mtu huihisi kuwa "bado kina joto". Mtoto akifungua chombo akakuta uvuguvugu, mzazi hufurahi na msanifu hujipongeza. Aidha, ulimi na pua si vipimo vya kutegemewa. Chakula kilichochacha hujulikana kwa harufu na povu, lakini chakula kinaweza kuwa na bakteria wa maradhi au sumu yao kabla hakijaonesha dalili ya kuchacha.

3.0 Joto Linavyotoka Chumbani

Joto huhama kwa njia tatu. Kwa *mpitisho*, hupita ndani ya mata kutoka chembe hadi chembe, kama linavyopanda kwenye mpini wa kijiko kilichoachwa ndani ya uji. Kwa *myuko*, hubebwa na hewa au kimiminika kinachosogea: chenye moto hupanda, cha baridi hushuka. Kwa *mnunurisho*, husafiri kama mawimbi bila kuhitaji mata, kama joto la jua linavyotufikia. Kihami kizuri hupambana na njia zote tatu kwa wakati mmoja.

Hewa iliyotulia ni kihami bora. Upitishaji joto wake ni takribani wati 0.026 kwa mita kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya halijoto, ilhali wa maji ni takribani 0.6, yaani zaidi ya mara 20. Tatizo la hewa ni kwamba haitulii yenyewe. Ni lazima ifungiwe katika vijumba vidogo. Hiyo ndiyo kazi ya povu la poliethilini, la polistairini, la pamba na la sufi. Upitishaji joto wa mata hizo zikiwa kavu hukaribia wati 0.04 kwa kipimo hichohicho.

Neno "kavu" linabeba maana kubwa. Sponji ya godoro, ambayo mafundi hupenda kuitumia kwa kuwa inapatikana na ni laini, ina vijumba vilivyo wazi. Mchuzi ukimwagika, au unyevu wa hewa ya pwani ukigeuka matone juu ya chombo baridi, sponji hiyo hunywa maji. Maji huchukua nafasi ya hewa, na kihami hugeuka kuwa kipitishi, mbali na kuwa makazi ya uvundo. Povu la poliethilini lenye vijumba vilivyofungwa halinywi maji, hivyo ndilo linalofaa zaidi. Sufi ya msufi, ambayo imejaza mito na magodoro yetu kwa miaka mingi, nayo inastahili kufikiriwa. Nyuzi zake zina uwazi wenye hewa ndani na utando wa nta unaokataa maji. Udhaifu wake ni kwamba hujikusanya upande mmoja isiposhonewa katika vifuko vidogovidogo, na hushika moto kwa urahisi.

Kitambaa kinachong'aa kinahitaji maelezo, kwa sababu ndicho kinachouza mabegi. Utando wa alumini hurudisha mnunurisho; hauzuii mpitisho, kwa kuwa alumini yenyewe ni kipitishi kizuri cha joto. Ili utando huo ufanye kazi ni lazima uwepo uwazi wa hewa kati yake na chombo. Chombo kikigusana nao, kama ilivyo katika vyumba vingi vilivyobana, joto hupita kwa mpitisho na faida ya mng'ao hupotea mahali hapo. Mng'ao basi ni nyongeza juu ya kihami, na hauwezi kushika nafasi ya kihami.

Uhifadhi wa joto si jambo geni katika jamii zetu. Kawa hufunika chakula kisipoe upesi wala kuguswa na inzi, na kapu lililojazwa vitambaa au majani makavu huweza kuivisha maharage yaliyoondolewa motoni yakiwa yanachemka. Mtu anaweza kuuliza: ikiwa kapu huweza, kwa nini begi lishindwe? Jibu limo katika ukubwa. Sufuria ya familia ina kilo kadhaa za chakula ndani ya eneo dogo la nje likilinganishwa na ujazo wake. Chakula cha mtoto ni nusu kilo au chini ya hapo, na kila gramu yake iko karibu na ukuta. Akiba ya joto ni ndogo, milango ya kutokea ni mingi. Hekima ya kapu haihamishiki kwenye begi bila kupimwa upya.

4.0 Hesabu ya Saa Saba

Ili kuona ukubwa wa tatizo, tuchukue chumba chenye vipimo vya ndani vya sentimita 20 kwa 15 kwa 10. Ujazo wake ni lita 3, na jumla ya eneo la kuta zake ni mita za mraba 0.13. Ndani yake mna nusu kilo ya wali na maharage. Tukadirie kwamba kila kilo ya chakula hicho huhitaji kilojouli 3.5 ili halijoto yake ibadilike kwa nyuzi moja. Basi nusu kilo huhitaji kilojouli 1.75. Hewa ya nje ni 30°C, na chakula kinafungwa kikiwa na 80°C.

Joto linalopotea kila sekunde ni eneo la kuta likizidishwa kwa tofauti ya halijoto, kisha likigawanywa kwa ukinzani wa kuta. Ukinzani wa kihami ni unene wake ukigawanywa kwa upitishaji joto wake, ambao hapa ni 0.04. Juu yake tunaongeza 0.15 kwa ajili ya vitambaa na tabaka jembamba la hewa linalogusa kuta ndani na nje. Kwa kanuni ya kupoa ya Newton, inayosema kwamba kasi ya kupoa hulingana na tofauti ya halijoto kati ya kitu na mazingira yake, tunapata makadirio yaliyomo katika jedwali. Safu ya mwisho inakadiria barafu inayohitajika ili chumba hichohicho kibaki kwenye 5°C kwa saa 7, ikichukuliwa kwamba kilo moja ya barafu hufyonza kilojouli 334 inapoyeyuka.

Jedwali 1: Makadirio ya uwezo wa chumba cha lita 3 katika hewa ya 30°C

| Unene wa kihami | Kutoka 80°C hadi 60°C | Kutoka 50°C hadi 40°C | Barafu kwa saa 7 |
|---|---|---|---|
| Hakuna | dakika 17 | dakika 23 | kilo 1.6 |
| Milimita 3 | dakika 26 | dakika 35 | kilo 1.1 |
| Milimita 10 | dakika 46 | dakika 62 | kilo 0.6 |
| Milimita 20 | dakika 74 | dakika 101 | kilo 0.4 |

Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, hakuna unene wowote kati ya hivi unaokifikisha chakula cha moto saa 7 mchana kikiwa salama. Hata milimita 20, ambazo ni nyingi kwa begi la mtoto, hukilinda kwa saa moja na robo tu. Pili, safu ya tatu inaonesha kile ambacho mnunuzi haoni. Kadiri kihami kinavyoongezeka, ndivyo chakula kinavyokawia kati ya 50°C na 40°C, eneo ambalo ndani yake *Clostridium perfringens* huzaliana upesi kuliko pengine popote. Bila kihami chakula hupita hapo kwa dakika 23. Kwa milimita 20 hukaa saa moja na dakika 41. Hii haina maana kwamba chakula kisicho na kihami ni salama, kwani nacho huishia 30°C, ambako bakteria bado huzaliana. Maana yake ni kwamba kihami kisichotosha hakipunguzi hatari. Huipa mazingira bora na kumpa mlaji imani isiyo na msingi.

Tatu, tukigeuza hesabu na kuuliza ni unene gani ungetosha kukizuia chakula kisishuke chini ya 60°C kwa saa 7, jibu ni takribani sentimita 14 kila upande. Chumba cha lita 3 kingehitaji sanduku la nje la sentimita 48 kwa 43 kwa 38. Huo ni mzigo wa mchukuzi, si begi la mtoto wa darasa la tatu.

Ikumbukwe pia kwamba muda huu hutegemea kiasi cha chakula. Mtoto mdogo akibeba robo kilo badala ya nusu kilo, dakika zote za safu ya pili na ya tatu hupungua kwa nusu. Begi lililofaulu kwa chakula cha mtu mzima laweza kushindwa kwa chakula cha mtoto, ingawa ndiye lililoshonewa.

5.0 Njia Tatu za Kubeba

Kutokana na hesabu hiyo, msanifu hapaswi kuanza na begi. Anapaswa kuanza na swali: chakula kitabebwa kwa njia ipi?

*Njia ya moto.* Hapa kinachofanya kazi si kihami laini bali chombo cha ombwe, ambacho kina kuta mbili za chuma zenye nafasi iliyoondolewa hewa katikati. Kanuni yake ni ileile ya chupa ya chai, iliyotokana na chombo alichokibuni James Dewar mwaka 1892. Pasipo hewa, mpitisho na myuko hukosa cha kupitia, na mng'ao wa kuta hurudisha mnunurisho. Chombo cha namna hiyo huweza kukaribia sharti la saa 7 endapo mambo matatu yatazingatiwa: kijazwe maji yanayochemka kwa dakika chache kabla ya kupakuliwa chakula, chakula kitoke jikoni kikiwa cha moto sana, na chombo kijazwe pomoni ili hewa isipate nafasi. Chumba cha begi hubaki kuwa msaidizi: hukishika chombo wima, hukikinga kisigongwe na huongeza dakika kadhaa. Hotpoti ya plastiki yenye povu ndani isichukuliwe kuwa sawa na chombo cha ombwe. Imekusudiwa kufikisha chakula mezani, si kukivusha nusu siku.

*Njia ya baridi.* Chakula hupozwa haraka jioni, hulazwa kwenye jokofu, na hubebwa pamoja na barafu. Jedwali linaonesha kwamba kwa milimita 20 za kihami, gramu 400 za barafu hutosha. Uzito huo unaweza kupatikana bila kumwongezea mtoto mzigo, kwa sababu tayari hubeba maji ya kunywa. Chupa yenye nusu lita ya maji, ikigandishwa usiku, huwa na uwezo wa kufyonza takribani kilojouli 167, ilhali mahitaji ya chumba hicho ni takribani kilojouli 126. Ziada hiyo ya theluthi moja inafidia mianya ya zipu na kufunguliwa njiani. Mtoto anapokunywa maji yaliyokwisha kuyeyuka hapunguzi barafu iliyobaki. Chupa isijazwe hadi mdomoni, kwa kuwa maji yakiganda hutanuka kwa takribani asilimia 9. Kwa vile hewa baridi hushuka, chupa bapa ilazwe juu ya chombo cha chakula. Chupa ya kawaida igusane nacho ubavuni.

Njia hii ina gharama yake. Si kila kaya ina jokofu, umeme hukatika, na wali baridi haupendezi kwa wengi. Msanifu asiyataje mambo haya kama visingizio vya watumiaji. Ni masharti ya usanifu kama yalivyo masharti ya vipimo.

*Njia ya kavu.* Chapati kavu, maandazi, mkate, karanga zilizokaangwa, machungwa na ndizi zisizomenywa havihitaji moto wala baridi kwa saa 7. Kwa kaya isiyo na jokofu wala chombo cha ombwe, njia hii ndiyo salama kuliko zote, na begi lake halihitaji kihami bali chumba safi, kikavu na kisichopondwa na vitabu. Chumba kimoja kisitumiwe kwa njia mbili kwa wakati mmoja: chombo cha moto kikilazwa kando ya chupa ya barafu, kimoja humwangamiza mwenzake, na vyote viwili huishia katika uvuguvugu.

6.0 Umbo, Uzito na Mshono

Wataalamu wengi wa afya hupendekeza kwamba uzito wa begi la mwanafunzi usizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mwili wake. Kwa mtoto wa kilo 25, kikomo hicho ni kilo 2.5 hadi 3.75. Chakula cha nusu kilo, chombo chepesi cha gramu 200 na chupa ya nusu lita ni jumla ya kilo 1.2. Kinachobaki kwa begi lenyewe na madaftari ni kilo 1.3 kwa kikomo cha chini. Kila gramu ya buckle, chuma au kitambaa kizito huondoa daftari moja. Nafasi nayo huhesabiwa: kwa kihami cha milimita 20, lita 3 za ndani hudai takribani lita 6.4 za begi.

Mahali pa chumba pana mvutano wa kweli. Kanuni ya ubebaji inataka kitu kizito kikae karibu na uti wa mgongo. Kanuni ya joto inataka kinyume chake, kwa kuwa mgongo wa mtoto una joto la mwili na hukizidishia chakula baridi joto, na chombo cha moto hakifai kuegemea mgongo. Suluhisho linalopatanisha pande hizi ni kukiweka chumba chini, juu ya sakafu ngumu ya begi, huku vitabu vikisimama kati yake na mgongo. Vitabu huwa kizuizi cha joto, na uzito wao wenyewe hubaki karibu na mwili. Mikanda mipana ya mabega na mkanda wa kifuani hupunguza mvuto wa nyuma.

Chumba kifunguliwe kwa zipu yake chenyewe upande wa mbele, ili mtoto asilazimike kutoa madaftari. Zipu ni mwanya mrefu wa hewa, hivyo ifunikwe kwa ulimi wenye kihami. Pembe nazo ni udhaifu, kwani povu likikunjwa hubanwa na kupoteza hewa yake. Ni bora vipande vikatwe na kukutanishwa ukingo kwa ukingo. Kila tundu la sindano katika bitana ni njia ya mchuzi. Kwa sababu hiyo, bitana isishonwe pamoja na kihami, bali iwe kifuko kimoja kisichopitisha maji, kinachotoka, kuoshwa kwa sabuni na kuanikwa. Chumba kisichoweza kuoshwa kitanuka samaki ndani ya muda mfupi, na begi zima litaachwa hata kama hesabu zake ni sahihi.

7.0 Upimaji Unaostahili Kuaminiwa

Tasnifu ya usanifu wa begi la aina hii ipimwe kwa ushahidi wa aina nne. Kwanza, kipimajoto kiwekwe ndani ya chakula, katikati na pembeni, na kisomwe kila baada ya dakika 15 kwa saa zote 7. Usomaji mmoja wa mwisho hausemi chakula kilipitia wapi. Ugali na wali hupoa pembeni kabla ya katikati, kwa kuwa myuko hautokei katika chakula kigumu.

Pili, maji yakitumika badala ya chakula, tofauti yake itajwe. Maji huhitaji kilojouli 4.18 kwa kilo kwa kila nyuzi, dhidi ya 3.5 zilizokadiriwa hapa kwa wali na maharage. Begi lililopimwa kwa maji huonekana kuwa na uwezo zaidi kwa takribani moja ya tano kuliko litakavyokuwa na chakula chenyewe. Tatu, jaribio lifanyike katika hewa ambayo begi litatumika, likiwemo jua la moja kwa moja, na lirudiwe walau mara tatu. Matokeo ya chumba chenye kiyoyozi hayazungumzi kuhusu darasa lenye bati. Nne, kiasi cha chakula kiwe kile ambacho mtoto hula.

Kigezo cha kufaulu kisiwe "kilibaki na joto". Kiwe dakika ambazo chakula kilikaa kati ya 5°C na 60°C, na dakika hizo zilinganishwe na kikomo cha saa 2. Kwa kigezo hicho, begi lenye milimita 10 za povu na wali wa moto litashindwa, hata kama mtoto atasema chakula kilikuwa kitamu.

8.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba thamani ya chumba cha chakula haipimwi kwa mng'ao wala kwa ulaini wa sponji, bali kwa uhusiano kati ya muda kinaoweza kuununua na muda ambao mtoto anauhitaji. Kwa saa 7 za Dar es Salaam, kihami laini cha unene unaobebeka hununua saa moja na robo kwa chakula cha moto, na hununua saa zote 7 kwa chakula baridi kikishirikiana na chupa ya maji yaliyogandishwa. Mtengenezaji anayeuza chumba hicho anapaswa kuandika ndani yake, kwa Kiswahili kinachosomeka, kimekusudiwa njia ipi na kwa saa ngapi.

Mapendekezo haya yana mpaka. Hesabu zilizotolewa ni makadirio ya chumba kimoja cha mfano, na kila begi lazima lipimwe. Vilevile, pale ambapo shule inapika na kupakua chakula kikiwa cha moto, begi la aina hii halihitajiki, na hilo ndilo suluhisho bora zaidi. Lakini mahali ambapo mtoto bado anatoka nyumbani alfajiri na chombo chake, mzazi anastahili kujua kwamba uvuguvugu atakaoukuta mwanawe mchana hauthibitishi kuwa begi limefanya kazi.